Kinara wa Dawati

Watoto walimwita Kipaza, naye alijua, wala hakukasirika. Jina la utani likishakukaa vizuri lina faida zake. Sauti yake ilitoka darasani, ikavuka uwanja, ikaingia hadi sekondari ya jirani, upande wa pili wa ua, ambako mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja tu kwa shule nzima na alizoea kusimama mlangoni, katikati ya vyumba viwili, akifundisha kulia na kushoto. Huyo wa fizikia alimwambia siku moja kwamba wanafunzi wake wanajua hadithi za shule ya msingi kuliko wanavyojua sumaku, kwa kuwa sauti ya Kipaza huwafikia kabla ya yake. Walicheka. Walimu hucheka sana mambo yasiyochekesha, na ukiwauliza wangefanya nini badala yake, watakosa jibu.

Kipaza alikuwa na watoto mia na thelathini na kitu katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Hicho "kitu" hakuwahi kukijua sawasawa, maana kila juma aliletwa mmoja na kuondoka mwingine. Dawati la watoto watatu lilikaliwa na watano, na wale wa pembeni walikalia tako moja, lingine likiwa hewani. Waliokosa dawati walikaa sakafuni chini ya ubao, karibu mno, vumbi la chaki likawamwagikia vichwani. Mchana walirudi kwao na mvi kama wazee, na mama zao walikwisha kuchoka kuuliza.

Kwenye karatasi za ofisi ya elimu, lakini, shule ile haikuwa na shida yoyote. Kule walichukua wanafunzi wote wakawagawanya kwa walimu wote, wakapata mwalimu mmoja kwa watoto arobaini na sita. Katika walimu hao alihesabiwa mwalimu mkuu, ambaye hajashika chaki tangu apandishwe cheo. Alihesabiwa mwingine aliyekwenda masomoni na akaonekana ameamua kuzeekea huko. Alihesabiwa pia yule aliyeazimwa na ofisi yenyewe "kwa muda", na muda huo ulikuwa umeshaota ndevu. Hesabu haikuwa na kosa. Ungeipeleka kwa mtu yeyote angeitia vema, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma Kipaza.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kulialia. Madaftari mia na kitu hayasahihishiki kwa siku moja. Alijaribu mpaka macho yakawa yanamwasha, akaacha, akabuni njia yake. Kila dawati aliliteulia kinara, mtoto mmoja wa kuwaongoza wenzake. Baada ya zoezi alisahihisha daftari la kinara peke yake, kisha kinara akarudi kuwasahihishia wenzake kwa kufuata lake: panapofanana, vema, pasipofanana, kosa. Kusoma kukawa kwa kuitikia. Alisoma mstari, darasa zima likauitikia, mara tatu, mara nne, mpaka ukawaganda. Watoto mia na thelathini wakiitikia kwa pamoja mabati hutetemeka, na mwalimu aliyesimama mbele yao, jasho likimtiririka mgongoni, huona kabisa kwamba kazi imefanyika. Nani angesikia sauti ile akasema watoto hawa hawasomi?

Tena kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea, alipanda nao. Aliwachukua la kwanza, akaenda nao la pili na la tatu, na sasa walikuwa la nne, ambako kuna mtihani wa kuvuka. Asiyejua kusoma havuki.

Miongoni mwao alikuwamo Bibi. Huyu alikuwa binti wa mdogo wake Kipaza, na aliitwa Bibi kwa sababu alirithi jina la marehemu mama yao, na hakuna aliyethubutu kulitamka jina la mama kavukavu wakati wa kumfokea mtoto. Basi nyumba nzima ilimwamkia kwa utani, shikamoo Bibi, naye akaitikia marahaba bila kucheka. Alikuwa mtoto wa maneno machache na macho mengi. Nyumbani alimwita Kipaza mama mkubwa, na shuleni alimwita mwalimu.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, milango miwili kutoka chumba cha dada yake, na mumewe alikuwa dereva wa malori ambaye mara nyingi alionekana kwa simu tu. Bibi alipofika umri wa kuanza shule, yule fundi alitaka kumpeleka shule ya upande wa pili wa mji, ambako ilisemekana darasa lina watoto thelathini na mwalimu anajua nani ana kikohozi. Alikuwa tayari kujibana. Kipaza alipopata habari alinuna siku mbili.

"Utampeleka mtoto kwa wageni na mimi nipo?" alimwuliza. "Watu watasema nini? Kwamba mwalimu hata mdogo wake hamwamini?"

"Si kutokukuamini, dada. Ni wingi tu ule."

"Wingi ni wa watoto wa watu. Huyu ni wetu. Mwache kwangu."

Fundi akamwacha. Dada yake ndiye aliyemlea mama yao alipofariki, ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza, na kubishana naye lilikuwa jambo ambalo hakujifunza. Tangu siku ile, kila jioni alipouliza, "Vipi Bibi?", jibu lilikuwa lile lile: "Bibi hana tatizo."

Na Kipaza hakudanganya, aliamini. Mtoto alikuwa na mwandiko wa kuonea wivu, herufi zimesimama wima, nafasi sawasawa, huwezi kuona alipoinua kalamu. Tangu akiwa mdogo sana alikaa chini ya cherehani ya mama yake akifuatisha kwa chaki mistari ya vitambaa, na mkono wake ulikuwa umezoea kwenda pale jicho lilipoutuma. Kipaza alilipeleka daftari lake ofisini mara mbili kuwaringia wenzake. Alimfanya kinara wa dawati la nyuma, pembeni mwa dirisha, kisha akamweka moyoni kwenye fungu la wasio na haja naye. Fungu hilo alilihitaji sana. Katika watoto mia na kitu, kila anayejiweza ni mtoto mmoja uliyeruhusiwa kumsahau.

Zaidi ya hayo, aliogopa maneno. Walimu wenzake walikuwa na ndimi, na wazazi vilevile. Hakutaka isemwe kwamba mtoto wa ndugu anapendelewa, kwa hiyo hakumwita mbele, hakumwuliza swali, hakuinama dawatini kwake. Alijipongeza kwa hilo, akaliita haki.

Muhula wa pili akaja afisa. Alitumwa kutazama huo uwiano wenyewe, walimu kwa wanafunzi, shule hadi shule, na kuthibitisha kama mwalimu mpya aliyeahidiwa pale kweli anahitajika, na mwalimu mkuu alimtembeza kama mtu anayeuza nyumba inayovuja: haraka mahali fulani, polepole mahali fulani. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, amevaa viatu ambavyo havikushonewa sakafu ile. Alipoingia kwa Kipaza ilimbidi aombe njia kwa watoto wa chini ili apate pa kukanyaga.

"Mwalimu, hawa wote ni wako?"

"Wangu wote."

"Na unawawezaje?"

Hapo ndipo Kipaza alipokosea, ingawa kwa wakati ule ilionekana ni ushindi. Angesema siwawezi. Neno moja tu, na tena la kweli. Lakini mtu akishazoea kusifiwa kwa kubeba mzigo, huona haya kuutua mbele ya mgeni. Akamweleza vinara. Akaliitikisha darasa mpaka afisa akaziba sikio moja huku akicheka. Afisa akaandika, akauliza tena, akaandika.

"Naomba kusikia mmoja wa hao vinara akisoma," alisema. "Yeyote."

Kipaza akatupa macho darasani. Miaka yote hiyo alijizuia, na siku hiyo, kwa fahari, akajiruhusu. "Bibi," aliita, "simama."

Bibi alisimama. Afisa alimfungulia kitabu mwenyewe, ukurasa ambao darasa halijaufikia, wenye picha ya mkulima na punda. Mtoto aliitazama picha. Kisha akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti safi, bila kukwama, akishuka pale inapostahili kushuka na kupumua kwenye nukta. Afisa alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa simu, akawa anawapiga picha watoto wa sakafuni.

 Yale maneno Kipaza aliyajua. Ilikuwa habari ya punda wa mwuza maji, ya kitabu cha darasa la tatu. Yeye mwenyewe aliwasomea kwa kupayuka majuma mengi mwaka uliopita mpaka kila mtoto akaimeza. Kwenye ukurasa ule hapakuwa na mwuza maji wala maji. Kidole cha Bibi kilikwenda vizuri, kushoto kulia, kushoto kulia, kikafika mwisho wa ukurasa wakati habari bado haijaisha. Basi kikarudi juu, mstari wa kwanza, kikaanza upya, na sauti ikaendelea.

"Hongera sana," alisema afisa alipomaliza, akapiga makofi, na darasa likapiga. "Huyu ni hazina."

"Ni mtoto wa mdogo wake," mwalimu mkuu alidakia. "Ualimu uko kwenye damu."

Saa ya kutoka Kipaza alimzuia Bibi. Chumba kilikuwa kitupu, na kikiwa kitupu kilionekana kidogo zaidi, huwezi kuelewa wanaenea wapi. Akachukua chaki akaandika ubaoni: kuku wa jirani amepotea.

"Nisomee."

Bibi alikwenda ubaoni, akachukua chaki, akaandika chini yake kuku wa jirani amepotea, kwa mwandiko uliopendeza kuliko wa mwalimu.

"Sikusema uandike, mama. Nimesema usome."

Mtoto alitazama ubao, kisha akamtazama mama yake mkubwa kwa muda, bila woga, akisubiri. Alipoona hasaidiwi, akasema, "Wewe anza, mimi niitikie."

Kipaza alikaa kwenye dawati la mbele.  Yule mtoto alikuwa hatanii wala hafichi; kwake yeye kusoma ndiko huko, mkubwa anaanza, wadogo wanafuata, na hakuna siku yoyote katika miaka minne alipoonyeshwa kusoma kwingine.

"Sasa wenzako dawatini unawasahihishiaje?"

"Naangalia kama inafanana na yangu. Kama haifanani naweka kosa."

"Na hujui imeandikwa nini."

"Hapana."

"Bibi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilinyoosha mkono."

"Lini?"

"La kwanza. Ukasema shusha, wewe wa nyumbani, utaniuliza nyumbani."

Kipaza hakukumbuka. Alitafuta kichwani akakuta mikono tu, mamia ya mikono. Lakini maneno aliyatambua. Yalikuwa yake kabisa.

"Mbona nyumbani hukuuliza?"

Bibi akashangaa kuulizwa jambo ambalo kila mtu anajua. "Nyumbani huwa huongei," alisema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kipaza alirudi kila jioni akiwa amekauka koo, akanywa maji ya moto yenye chumvi, akaomba sahani kwa ishara na kumalizia salamu kwa kichwa. Wa nyumbani waliligeuza kuwa utani, wakasema Kipaza kikifika nyumbani huzimwa. Fundi mwenyewe alikuwa akimvuta binti yake kando: mwache mama mkubwa apumzike, ameongea kutwa kucha. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na huyu hata kioo alikuwa amekigeuzia ukutani.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, ambaye bado alikuwa na furaha ya ugeni.

"Umetuokoa," alimwambia kabla hajaketi. "Afisa amesema mpango wako wa vinara utapelekwa shule zote. Utaitwa kuwafundisha wenzako. Ulimwona alivyokuwa anaandika?"

"Na yule mwalimu mpya tuliyeahidiwa?"

"Ah, huyo atakwenda kwingine." Mwalimu mkuu alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. "Ameona pengo letu limezibika. Huwezi kumlaumu. Mwenyewe umemwambia unawaweza."

"Mkuu, kinara wangu hajui kusoma. Yule aliyemsomea afisa. Hajui hata herufi moja."

Mwalimu mkuu akainuka akafunga mlango, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Mmoja," alisema.

"Mmoja niliyemwona. Sijui wangapi. Hilo ndilo ninalokuambia, sijui. Miaka minne niko nao na sijui."

"Sasa unataka niandike nini? Kwamba mwalimu wangu bora ameshindwa kumwona mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja? Watauliza, na wa watu je? Funika kombe, mwalimu, mwanaharamu apite. Mtihani ukija tutajua la kufanya."

Kipaza hakufunika. Alitoka akampigia afisa simu palepale uani, na afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile. Akasema anashukuru kwa uaminifu wake. Akasema kila mfumo una wachache wanaobaki nyuma, na mtoto mmoja katika mia na thelathini haifiki hata asilimia moja. Akamtakia jioni njema. Kipaza aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika, na kama yule kijana angekuwa mbaya, mwenye kiburi, mwenye matusi, angalau angepata mtu wa kumchukia. Hakumpata.

Fundi alikuwa barazani akimalizia sare. Msimu wa sare ulikuwa unamwingizia kuliko sikukuu zote, na kila sare aliyoshona ilimaanisha mtoto mmoja zaidi wa kukalia tako moja katika darasa la dada yake, ila hakuna kati yao aliyewahi kulitazama jambo hilo hivyo. Bibi aliingia ndani kubadili nguo. Kipaza akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaeleza yote, hakuficha, hata la mkono ulioshushwa. Sauti ilikuwa imekwisha; alieleza kwa mnong'ono, na mdogo wake ilimbidi asimamishe cherehani na kuinama ili asikie.

Fundi hakulia. Alikata uzi kwa meno, akaukunja mguu wa suruali aliyokuwa akiishona, akaukunjua tena.

"Wiki iliyopita alinisomea ujumbe wa baba yake," alisema. "Nilikuwa na mikono ya mafuta. Alisoma vizuri kweli. Baba anawasalimu, yuko njiani, mzigo umechelewa."

"Huwa anaandika hivyo siku zote," Kipaza alinong'ona.

"Ndiyo. Huwa anaandika hivyo." Fundi alifikiri. "Kumbe sijui siku ile aliandika nini."

 Ndani Bibi alisikika akisogeza ndoo.

"Nitamfundisha mwenyewe," Kipaza alisema. "Kuanzia leo. Kila jioni, mimi na yeye tu."

"Jioni huna sauti, dada." Alilisema taratibu, kama anayemkumbusha mgonjwa dawa. "Nitampeleka kule. Kesho naenda kuuliza. Wakisema aanze la kwanza, ataanza la kwanza."

"Na vitoto vya miaka sita? Atachekwa."

"Atachekwa."

"Nisikilize, mdogo wangu. Si kwamba sikumjali. Ungeviona vichwa vile. Ungejaribu siku moja tu, ukasimama pale mbele, ukavitazama."

"Najua. Nimeshona sare zao." Fundi aliinua macho, na hayakuwa na hasira, na Kipaza angetoa chochote yawe na hasira. "Wewe unao mia na kitu, dada, na kwa hao sikulaumu. Mimi nilikupa mmoja."

Mama mmoja alifika kuchukua sare ya mwanawe. Kipaza akainuka kumpisha kwenye kigoda.